Uvimbe wa ubongo wa daraja la chini: picha husema nini, na daraja hupangwaje?

Swali: Daktari akisema uvimbe ni wa daraja la chini, ana maana gani?

Jibu: Shirika la Afya Duniani hupanga uvimbe wa ubongo katika madaraja 4, na daraja la 1 na la 2 ndiyo ya chini, kwa kuwa seli zake huongezeka polepole. Polepole si salama. Glioma (uvimbe unaotokana na seli saidizi za ubongo) ya daraja la 2 hupenya kwenye ubongo wenye afya bila mpaka wa wazi, na baada ya miaka inaweza kugeuka kuwa kali. Wengi huigundua baada ya kuanguka kifafa ukubwani.

Swali: Nimeshapigwa CT. MRI ya nini tena?

Jibu: CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, huonyesha vizuri damu na chokaa, na punje za chokaa ndani ya uvimbe humfanya msomaji wa picha afikirie oligodendroglioma, aina moja ya glioma. MRI, picha ya sumaku, ndiyo inayoonyesha uvimbe umeenea hadi wapi. Katika T2, aina ya picha ya MRI ambamo maji huwa meupe, glioma huwa nyeupe. Ikiwa katika picha ya FLAIR, ambayo huzima weupe wa maji, sehemu ya katikati inafifia na kubaki ukingo mweupe kama pete, hiyo ni dalili yenye nguvu ya astrositoma, aina nyingine ya glioma, yenye mabadiliko ya jeni iitwayo IDH. Pete hiyo isipoonekana, astrositoma haijakanushwa.

Swali: Ripoti yangu inasema uvimbe haukushika dawa inayodungwa mshipani wakati wa kupiga picha. Ni habari njema?

Jibu: Mara nyingi ndiyo, lakini msiishikilie sana. Astrositoma ya pilositiki, inayowapata zaidi watoto, ni ya daraja la 1 na kinundu chake hushika dawa ya mshipani kwa nguvu, ilhali kwa mtu mzima uvimbe usioshika dawa huweza kuwa mkali.

Swali: Jina kamili hupatikana wapi, basi?

Jibu: Katika kinyama kinachotolewa kwa upasuaji. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, glioma ya mtu mzima yenye mabadiliko ya IDH huitwa oligodendroglioma ikiwa vipande vya kromosomu 1p na 19q vimepotea pamoja. Kama havijapotea, ni astrositoma. Astrositoma hiyo ikikosa nakala zote mbili za jeni ya CDKN2A huhesabiwa daraja la 4, hata kama kwenye darubini inaonekana tulivu. Kwa hiyo ripoti ikitaja daraja bila kutaja IDH, mwulizeni daktari. Kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta kinaweza kupelekwa maabara nyingine hata miezi kadhaa baadaye.