Mkusanyiko wa hadithi za taharuki: mpime mhariri kwanza

Kila ninapohakiki kitabu chenye waandishi wengi, swali linalonifikia kwanza ni la hesabu. Hadithi kumi na nne, nzuri ni ngapi? Tisa? Basi kitabu kimefaulu. Mimi hesabu hiyo hainipeleki popote. Ninachotaka kujua ni kama hadithi ya sita bado inamkaba msomaji koo baada ya kuwa ameshazisoma tano zilizotangulia.

Hadithi ya taharuki huishi kwa sababu msomaji hajui litakalotokea na hawezi kustahimili kutolijua. Ukiisoma peke yake gazetini, inakukuta mgeni. Ndani ya kitabu kimoja na wenzake mambo hubadilika, kwa kuwa kila hadithi inakufundisha kuishtukia inayofuata. Tuseme ya pili imeishia kwa kufichua kwamba msimulizi mwenyewe ndiye muuaji. Ya nne inaanza kwa "mimi" anayekwepa kusema alikuwa wapi usiku ule. Umeshamkamata ukurasa wa kwanza, na kurasa kumi na mbili zilizobaki unazisoma kama mtu anayesubiri basi ambalo tayari analiona linakuja. Mwandishi wa hiyo ya nne hana kosa. Pengine kaandika vizuri kumshinda wa pili, na kazi ya mwenzake hajawahi kuiona. Aliyeziona zote mbili, akazipokea, akaziweka karibu karibu, ni mhariri.

Kwa hiyo ubora wa hadithi ni jambo moja, ubora wa mkusanyiko ni jambo jingine. Hata tuzo zinalionyesha hilo. Mystery Writers of America, chama cha Marekani cha waandishi wa hadithi za uhalifu kilichoanzishwa mwaka 1945, hutoa tuzo ya Edgar kwa hadithi fupi, ikisimama yenyewe popote ilipochapishwa. Mkusanyiko hauna kundi lake pale. Tuzo za Anthony, zinazotolewa katika Bouchercon, kongamano la kila mwaka la wapenzi wa hadithi za uhalifu, zimewahi kuweka kundi la mikusanyiko. Hadithi ya kushinda Edgar inaweza kabisa kutoka katika kitabu ambacho nisingekushauri ukinunue.

Namna yangu ya kusoma ni rahisi. Nafuata mpangilio wa kitabu bila kuruka, hata kama jina kubwa limewekwa mwisho. Kwa kila hadithi naandika mistari miwili kwenye daftari: nani anajua kitu ambacho msomaji hajui, na mambo yanaishia kwa tendo gani. Nikimaliza, naweka kitabu pembeni na kusoma daftari peke yake. Hapo ndipo kitabu kinapojianika. Mke amsaliti mume. Mshirika amsaliti mshirika. Askari amsaliti mpasha habari wake. Miji tofauti, majina tofauti, mwisho uleule. Ukiona hivyo ujue hadithi zilikusanywa tu, hazikuhaririwa.

Wahariri wazuri hujilinda na balaa hilo kwa kuweka sharti kabla waandishi hawajaanza. Mfululizo wa Noir, yaani hadithi za uhalifu zenye giza, wa mchapishaji Akashic Books wa Marekani, uliofunguliwa na Brooklyn Noir mwaka 2004, una sharti ninalolipenda sana: mji mmoja, na kila hadithi ishike mtaa wake. Mwanzoni mwa kitabu kuna ramani, na penye kila hadithi pamechorwa umbo la mwili uliolala chini. Nairobi Noir ya mwaka 2020, iliyohaririwa na Peter Kimani, ina hadithi 14, na mitaa yake inatoka Eastleigh na Mathare hadi Parklands na Karen.

Mtu anaweza kudhani ramani hiyo ni pambo. Hebu fikiria mauaji yaleyale yakitokea Karen na yakitokea Mathare. Karen kuna ua mrefu, geti, mlinzi mwenye daftari la wageni, na nyumba ya jirani iko mbali kiasi kwamba mlio unapotea njiani. Taharuki ya huko inajengwa juu ya swali la nani aliingia. Mathare ukuta ni mabati. Mtu akikohoa, nyumba ya tatu wanajua. Huwezi kuandika kwamba hakuna aliyesikia. Msomaji wa Nairobi atakifunga kitabu. Lazima uandike kwamba wote walisikia na hakuna anayesema, na hofu yote ya hadithi inahamia kwenye ule ukimya. Sharti la mtaa limemlazimisha mwandishi abadili injini ya hadithi yake. Kimani aliongeza pia mgawanyo wa sehemu tatu, wawindaji, wawindwaji na wachungaji, na mgawanyo wa aina hiyo huwezi kuupata bila kuzisoma hadithi kwa kuzilinganisha. (Aliweka na hadithi yake mwenyewe. Wapo wahakiki wasiopenda kabisa mhariri afanye hivyo. Mimi sioni tabu, mradi ipimwe kwa kipimo kilekile.)

Sharti lakini linaweza pia kuua taharuki. FaceOff, iliyohaririwa na David Baldacci kwa ajili ya chama cha International Thriller Writers na kutoka mwaka 2014, iliwaunganisha waandishi wawili wawili, kila mmoja akaja na shujaa wake: Harry Bosch wa Michael Connelly na Patrick Kenzie wa Dennis Lehane, Rebus wa Ian Rankin na Roy Grace wa Peter James, Jack Reacher wa Lee Child na Nick Heller wa Joseph Finder. Hadithi 11 kwa jumla. Furaha ya kuwaona wakikutana ni kubwa, siibezi. Tatizo liko kwenye sharti lenyewe. Hawa wana riwaya zao zinazowasubiri, kwa hiyo hakuna hata mmoja atakayekufa, na hakuna atakayemshinda mwenzake kwa aibu. Msomaji anajua hilo kabla hajafungua kitabu. Mwandishi ananyang'anywa swali kubwa kuliko yote, la nani atapona. Kitabu cha namna hii nakipima kwa kuangalia taharuki imehamishiwa wapi: je, kuna mtu wa tatu, asiye na riwaya nyuma yake, ambaye maisha yake kweli yako hatarini? Kama yupo na ninamjali, hadithi imepona.

Halafu ninaangalia milango, yaani aya za kwanza, zote kwa mpigo. Katika maandishi yanayonifikia kwa Kiswahili ugonjwa mkubwa ni huu: "Ulikuwa usiku wa giza totoro. Mvua ilinyesha kwa fujo na radi zikapasua anga." Hapo hakuna kosa la lugha, ila hakuna hadithi. Mara tatu katika kitabu kimoja, na msomaji anaanza kuruka aya. Linganisha na hii, niliyoitunga hapa hapa kwa mfano: "Mlinzi wa usiku hakuwa na desturi ya kufunga komeo la chini. Leo lilikuwa limefungwa, kwa ndani." Sentensi mbili fupi. Hakuna radi, na tayari una mambo matatu ya kuuliza: nani kalifunga, mlinzi yuko wapi, na aliyelifunga bado yumo?

Ukweli wa mambo madogo naukagua kwa ukali kuliko ninavyofanya kwenye hadithi za mapenzi, kwa sababu hadithi ya taharuki hutegemea mitambo yake. Mhusika wa Nairobi anayepokea fidia ya utekaji kwa M-Pesa mwaka 2005 ameivunja hadithi nzima. Huduma hiyo ilianza mwaka 2007. Jaji wa Kenya anayemwambia mshtakiwa wa mauaji, mwaka 2020, kwamba sheria haimwachii hiari ila kumhukumu kunyongwa, hajasikia uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, uliobatilisha ulazima wa adhabu hiyo. Kosa la aina hii likipita mara moja, mwandishi alighafilika. Likipita katika hadithi tatu, hakukuwa na mhariri.

Kuna kasoro ya upande wa pili, nayo inaniudhi zaidi: mhariri aliyepiga pasi kila kitu. Waandishi wametoka Tanga, Mombasa na Lubumbashi, lakini wahusika wote wanazungumza Kiswahili cha taarifa ya habari. Mpelelezi, mpiga debe na bibi wa miaka themanini wanatishana kwa msamiati uleule. Usanifishaji wa tahajia ni lazima, lakini maneno yasiguswe. Kinywa cha mtu ni mali yake. Mpiga debe wa Nairobi akitishia, atishie kwa sheng; mzee wa Mji wa Kale Mombasa atishie kwa upole wake ule ambao unaogofya kuliko kelele.

Hadithi dhaifu zitakuwepo tu. Ninachouliza ni zimewekwa wapi. Dhaifu katikati, kati ya mbili zenye kasi, hubebwa. Dhaifu katika nafasi ya pili humfukuza mnunuzi anayeonja dukani. Na ikiwa kuna hadithi nne ambazo kitabu kingepumua vizuri bila kuwa nazo, nazitaja kwa majina katika uhakiki, pamoja na mpangilio ambao ningeufuata kwa zile kumi zilizobaki. Wachapishaji wanaogopa kitabu chembamba. Kwa hadithi za taharuki, chembamba ndicho ningekinunua.