Je, Wajua Kwa Nini Gharama Kubwa ya Ugonjwa wa Uchovu Sugu Haionekani Hospitalini?

Mtu akivunjika mguu, gharama yake hufuatika kwa urahisi: kuna malipo ya picha ya eksirei, ya plasta na ya kitanda, na baada ya miezi michache amerudi kazini na hesabu imefungwa. Ugonjwa wa uchovu sugu haufungi hesabu namna hiyo. Mgonjwa anaweza kumaliza mwaka mzima bila kulazwa hata usiku mmoja, na katika kumbukumbu za hospitali akaonekana hajagharimu chochote cha kutajwa, ilhali ameacha kazi, mwenzi wake amepunguza saa za kazi ili amuuguze, na akiba ya familia imekwisha. Wachumi wa afya wanaouchunguza ugonjwa huu wamekuwa wakiitafuta fedha hiyo isiyo na stakabadhi kwa zaidi ya miaka 20.

Ugonjwa wenyewe si uchovu wa kawaida. Ni udhaifu mzito unaodumu miezi 6 au zaidi, usiotulizwa na mapumziko, unaoambatana na usingizi usioburudisha na mara nyingi akili kushindwa kushika jambo. Alama yake kuu ni kwamba baada ya juhudi, hata ndogo, hali huwa mbaya zaidi, mara nyingi siku moja au mbili baadaye, na huweza kubaki hivyo kwa siku au majuma. Jambo hili linamhusu sana mchumi. Mgonjwa anayeonekana kazini Jumatatu akizungumza vizuri anaweza kuilipia siku hiyo kitandani Jumatano na Alhamisi, na atakayemhesabu kwa kumtazama Jumatatu peke yake atakuwa amekosea hesabu nzima.

Tatizo la kwanza ni kuwapata wagonjwa. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya mwili inayothibitisha ugonjwa huu, na daktari huutambua kwa dalili na kwa kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nao. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2015 ilikadiria kwamba Wamarekani kati ya 836,000 na milioni 2.5 walikuwa nao, na kwamba asilimia 84 hadi 91 kati yao walikuwa hawajatambuliwa na daktari yeyote. Anayehesabu kwa kutumia majalada ya hospitali, basi, anahesabu sehemu ndogo tu ya watu wenyewe.

Ndiyo maana watafiti waliamua kuwatafuta wagonjwa majumbani. Katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, walipiga simu kwa nambari zilizochaguliwa bila mpangilio, wakawachunguza waliokuwa na dalili, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo: uwezo wa wagonjwa kufanya kazi za nyumbani ulikuwa umepungua kwa asilimia 37, na wa kazi za kipato kwa asilimia 54. Kwa kila mgonjwa hasara hiyo ilifikia takribani dola 20,000 kwa mwaka, na kwa Marekani nzima dola bilioni 9.1, kabla ya kuhesabu tiba yoyote. Miaka 4 baadaye Leonard Jason wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, pamoja na wenzake, walionyesha jinsi mahali unapowapata wagonjwa panavyobadilisha jibu: gharama za matibabu kwa waliopatikana katika jamii zilikuwa dola 2,342 kwa mtu kwa mwaka, lakini kwa waliopatikana katika kliniki ya kibingwa zilikuwa dola 8,675. Walipoongeza mapato yaliyopotea, jumla ya taifa ikawa kati ya dola bilioni 18.7 na 24. Kwa maneno mengine, fedha iliyopita mikononi mwa madaktari ilikuwa sehemu ndogo ya mzigo.

Sasa, kazi iliyopotea inathaminiwaje? Hapa ndipo wachumi wanapotofautiana, na tofauti yao si ya kitaalamu tu. Njia moja huhesabu mapato yote ambayo mgonjwa angeyapata hadi umri wa kustaafu. Njia nyingine huhesabu tu kipindi ambacho mwajiri anahitaji kupata mtu wa kuziba nafasi, labda miezi michache, na baada ya hapo hasara huchukuliwa kuwa imekwisha. Kwa ugonjwa unaopona haraka, njia hizi mbili hukaribiana. Kwa ugonjwa unaowapata watu wengi wangali katika umri wa kufanya kazi, na ambao watu wazima wachache hupona kabisa, pengo kati yake ni kubwa mno. Kwa maoni yangu, njia ya pili inajibu swali la mwajiri vizuri kabisa, lakini ikitumiwa peke yake inamfuta mgonjwa katika hesabu siku ile ile anapopatikana mtu wa kukaa kwenye kiti chake.

Hali ni hiyo hiyo kwa saa za wanaouguza. Saa ya mama anayempikia na kumwogesha mwanawe mtu mzima inaweza kuthaminiwa kwa mshahara wa mhudumu wa kuajiriwa, kwa kipato alichokikosa mama huyo, au isithaminiwe kabisa. Uchambuzi wa kiuchumi wa jaribio la PACE la Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, ulizua mabishano makali kuhusu jambo hili, kwa kuwa jaribio lilipima tiba za kisaikolojia na za mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, na thamani ya saa za wanafamilia ilikuwa na uzito mkubwa katika hesabu ya upande wa jamii. Mwaka 2021 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini humo, iliacha kupendekeza mazoezi ya namna hiyo.

Lipo pia suala la kupima ubora wa maisha. Dodoso linalotumiwa sana na wachumi, EQ-5D, huuliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Halina swali hata moja kuhusu nguvu za mwili. Pamoja na upungufu huo, utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 uliwapa wagonjwa hawa wastani wa 0.47, katika kipimo ambacho 1 ni afya kamili, wakati wastani wa watu wote ni 0.85, na magonjwa mengine yote yaliyolinganishwa nao yalipata alama za juu zaidi.

Makadirio ya karibuni ni makubwa kuliko ya zamani: dola za Australia bilioni 14.5 kwa mwaka nchini Australia, na kati ya dola bilioni 36 na 51 nchini Marekani. Hata hivyo, uchambuzi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba fedha za utafiti kutoka Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zingepaswa kuongezwa mara 14 ili zilingane na mzigo wa ugonjwa huu.

Na takwimu hizo zenyewe bado zina tundu. Angalau robo ya wagonjwa hufikia wakati fulani hali ya kutoweza kutoka nyumbani au kitandani. Kujaza dodoso refu kunaweza kuwaangusha kwa siku kadhaa, na kufika kliniki hawawezi. Kwa hiyo wanaohitaji kulishwa, kugeuzwa na kukaa gizani kwa sababu mwanga unawaumiza, ambao gharama yao ni kubwa kuliko ya wote, ndio wanaokosekana zaidi katika tafiti zinazoihesabu.