Kupima umri wa kioo cha kale kwa kemia: maana yake

Kioo kilichofukuliwa ardhini hakina kaboni ya kiumbe hai, kwa hiyo kipimo cha kaboni 14, ambacho hutegemewa kwa mkaa na mifupa, hapa hakisaidii. Kinachochunguzwa badala yake ni mchanganyiko wenyewe. Kupima umri kwa kemia ni kutambua malighafi zilizoingia tanuruni, kisha kuzilinganisha na vipindi ambavyo zinajulikana kutumika. Jibu huwa ni kipindi, aghalabu karne moja au zaidi. Mwaka kamili haupatikani kwa njia hii.

Kioo cha kale cha eneo la Mediterania huwa na silika ya mchanga karibu asilimia 65 hadi 70, soda asilimia 15 hadi 20 ya kuufanya mchanga uyeyuke kwa joto dogo zaidi, na chokaa asilimia 5 hadi 10 ya kukipa kioo uimara. Soda ndiyo inayosema mengi kuhusu umri. Kwa sehemu kubwa ya milenia ya kwanza KK, na baada ya hapo hadi karne ya 9 BK, mafundi wa huko walitumia magadi, hasa ya Wadi Natrun nchini Misri. Kabla ya hapo na baada yake, soda ilitoka kwenye majivu ya mimea inayoota penye chumvi. Magadi yana potasi na magnesi kidogo sana. Majivu yanazo kwa wingi. Ndiyo maana kioo ambacho oksidi ya potasi na ya magnesi kila moja iko chini ya asilimia 1.5 huhesabiwa kuwa cha magadi, na kilichovuka kiwango hicho kwa zote mbili huhesabiwa kuwa cha majivu.

Hilo la zote mbili lisipuuzwe. Kioo cha magadi kikiyeyushwa upya katika tanuru la kuni, moshi na majivu ya kuni hupandisha potasi, ilhali magnesi haipandi kwa kiasi hicho. Anayetazama potasi peke yake atakitoa kioo hicho katika karne zake. Vilevile mpaka huu haufai kila mahali: Wasasani, watawala wa Uajemi ya kale, mashariki ya mto Frati, walitumia majivu wakati Warumi wakitumia magadi, na kioo cha India chenye alumina nyingi au cha China chenye risasi na bariamu kina vipindi vyake mbali kabisa.

Tarehe hizi zimeshikiliwa na vitu vyenye maandishi. Vizuri kuliko vyote ni vipimo vidogo vya kioo vya kupimia uzito wa sarafu katika Misri ya karne za kwanza za Uislamu, vilivyopigwa muhuri wenye jina la gavana au afisa wa fedha. Kwa kuwa miaka ya uongozi wa wengi wao inajulikana, uchambuzi wa vipimo hivyo kwa mfuatano unaonyesha magadi yakiachwa na majivu yakichukua nafasi ndani ya karne ya 9.

Viongezwa hukaza kipindi zaidi. Warumi waliondoa rangi ya kijani ya chuma kwa antimoni au kwa manganizi. Rangi nyeupe na ya manjano zisizopitisha mwanga zilitengenezwa kwa antimoni hadi karibu karne ya 4 BK, kisha bati likashika nafasi hiyo. Kobalti, yaani metali ya kutia rangi ya buluu, iliyokuja pamoja na aseniki huelekeza Ulaya ya karne ya 16 na kuendelea. Urani iligunduliwa mwaka 1789, kwa hiyo bilauri ya "Kirumi" iliyotiwa rangi kwa urani ni ya kughushi. Lakini chembe chache za urani katika milioni hutoka kwenye mchanga wenyewe, na hizo hazithibitishi lolote.

Makosa mengi hutokea wakati wa kupima. Kioo kilichokaa kwenye udongo wenye unyevu hupoteza soda na potasi usoni, na silika ikaonekana nyingi kupita kiasi. Kifaa cha mkononi cha eksirei husoma uso huo huo, tena hakioni sodi vizuri na magnesi hukisumbua, yaani kinakosa vipimo vinavyohitajika kutenganisha magadi na majivu. Kitumike kuchambua haraka metali za rangi tu. Kwa umri, kikatwe kipande cha milimita 1 au 2, kigandishwe ndani ya rezini, kisuguliwe hadi kioo kisichoharibika kionekane, king'arishwe, kisha kipimwe kwa kichunguzi cha elektroni, mashine ya maabara inayosoma mchanganyiko kwa mwale wa elektroni. Kwa chembe chache katika milioni hutumiwa leza inayochimba kishimo kisichofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Kabla na baada ya sampuli, pima kioo cha rejea chenye mchanganyiko unaojulikana, kama Corning B. Kisiposoma sawasawa, matokeo ya siku hiyo hayatumiki.

Tatizo gumu zaidi ni kioo chakavu. Mafundi waliyeyusha vyombo vilivyovunjika vya rangi na vya zama mbalimbali pamoja. Dalili yake ni antimoni na manganizi katika kipande kimoja, zikifuatana na shaba, bati na risasi kwa chembe mia kadhaa katika milioni: nyingi mno kutoka mchangani, chache mno kutia rangi kwa makusudi. Hapo kemia inataja umri wa malighafi, na chombo chenyewe kinaweza kuwa cha baadaye sana. Ripoti sahihi ya kipande cha namna hiyo huandikwa hivi: "Kioo cha magadi kilichoyeyushwa upya, malighafi ni za kabla ya mwisho wa karne ya 9, umri wa chombo uamuliwe kwa umbo lake na tabaka la udongo kilimopatikana."