Eti wapinzani hawana nguvu yoyote?
Watu wanasema upinzani hauna madaraka, kazi yao kelele tu bungeni, jamani sio kweli. Kukaa ikulu ni sehemu moja tu ya nguvu ya kisiasa, nyingine ni kumbana aliyeko madarakani mpaka ajieleze hadharani. Chukua ishu ya Escrow Tanzania 2014 (kashfa ya mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu), mbunge Kafulila wa chama cha upinzani NCCR-Mageuzi kaibua bungeni, CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) kakagua, PAC (kamati ya bunge ya hesabu za serikali) chini ya mpinzani Zitto ikaleta ripoti, na makamu wake Filikunjombe alikuwa CCM kabisa, chama tawala (hili watu wanalisahau sana!). CCM ndo walikuwa na wabunge wengi lakini Desemba Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu, Tibaijuka akatolewa uwaziri wa ardhi, Januari 2015 waziri wa nishati Muhongo naye akaachia ngazi. Nyaraka zikishawekwa mezani nchi nzima inaona, kuzizima kwa wingi wa kura inakuwa ngumu mno.