Bamba la Shaba Kanisani Si Picha ya Marehemu: Jinsi ya Kusoma Deraya na Nembo

Kila kiangazi malalamiko kutoka makanisa ya kale ya Uingereza huongezeka, hasa ya vijijini. Wageni, wakiwemo Waswahili wanaoishi huko au wanaopita matembezini, huyapiga picha mabamba ya shaba yaliyofunika makaburi ya Zama za Kati, kisha huyasambaza na maelezo yasiyo ya kweli. Wengine hutandika karatasi juu ya bamba na kusugua nta ili kunakili mchoro, bila kumuuliza mtu. Tunaamini wengi wao hufanya hivyo kwa kupenda historia, ndiyo maana tunaeleza badala ya kukemea.

Sura iliyochongwa kwenye bamba si sura ya marehemu. Mabamba mengi yalitoka karakana za London, ambako mafundi walikuwa na vielelezo vyao. Mteja alipata mchoro wa naiti, yaani shujaa wa vita wa tabaka la juu, wa mtindo wa wakati ule, akaongezewa ngao yenye nembo ya ukoo wake na maandishi yake. Kwa hiyo deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, hukuambia bamba lilichongwa lini, na ngao hukuambia ni la ukoo gani. Ni maswali mawili, kila moja na jibu lake. Bamba la Sir John d'Abernon kule Stoke D'Abernon, Surrey, lilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa la 1277 na kongwe kuliko yote nchini. Wataalamu walipolinganisha mtindo wake na wa mabamba mengine, walilisogeza hadi miaka ya 1320. Vitabu vya zamani bado vinasema 1277, na mgeni akivinukuu hatumlaumu.

Kwa kifupi, hadi miaka ya 1320 naiti huonekana amevaa pete za chuma zilizosokotana mwili mzima, na joho juu yake. Kuelekea 1400 pete hubaki zaidi shingoni, zikining'inia kutoka kwenye chapeo. Baada ya 1410 hivi mwili wote hufunikwa kwa bati za chuma, na baadaye katika karne hiyo kinga za viwiko hukua kupita kiasi. Mkufu wa herufi S nyingi shingoni humtambulisha mfuasi wa Lancaster. Wa majua na mawaridi, mfuasi wa York. Hizo zilikuwa koo mbili zilizogombea ufalme wa Uingereza.

Jambo moja tumelisema mno na bado linarudi: miguu iliyopishana haithibitishi kwamba marehemu alipigana Vita vya Msalaba. Ulikuwa mtindo wa wachongaji, na wapo waliochongwa hivyo ambao hawakwenda kokote. Vilevile simba miguuni hamaanishi kifo cha vitani, wala mbwa kifo cha kitandani. Tafadhali tuachane na hadithi hizi.

Nembo zina utamu wake. Nenda Chartham, Kent, utazame bamba la Sir Robert de Septvans, aliyefariki 1306. Ngaoni, kwenye vibao vya mabegani na kwenye joho lake kumechongwa nyungo za kupepetea nafaka, kwa sababu jina la ukoo kwa Kifaransa lilisikika kama "nyungo saba". Sir Roger de Trumpington, karibu na Cambridge, ana matarumbeta kwa sababu hiyohiyo. Lakini usitafute jina ndani ya kila ngao. Nyingi hazina fumbo lolote.

Rangi ndizo zinazowapoteza wengi. Ngao ya d'Abernon bado ina buluu yake, kwa kuwa ilitiwa enameli, yaani rangi ya kioo kilichoyeyushwa. Kwingineko fundi alichimba uso wa ngao, akaukwaruza ili rangi ya utomvu ishike, na pa fedha akatia risasi. Karne zimepita, rangi imebanduka, imebaki mikwaruzo. Mgeni huiona, hufungua mwongozo wa nembo, akatangaza kwamba mistari ya mlalo ni buluu. Msimbo huo wa mistari na nukta ulienea karne ya 17. Ngao ya karne ya 14 haiwezi kuufuata.

Ngao iliyogawanywa wima kwa mume na mke husomwa kuanzia kuume kwa aliyeibeba, yaani kushoto kwako mtazamaji. Na kufanana jina la ukoo hakukupi haki ya nembo. Nembo ni ya mtu na wazao wake halali.

Sasa utaratibu. Kusugua nta kunahitaji ruhusa ya kasisi au wazee wa kanisa kabla hujatandika karatasi. Parokia inaweza kutoza ada, na inaweza kukataa ikiwa bamba limelegea. Dawa ya kung'arishia vyuma usiiguse kabisa: michoro ni ya kina kifupi na kila msuguo huondoa shaba. Kazi ya ukarabati katika Kanisa la Uingereza huombewa kibali cha chansela wa dayosisi, yaani hakimu wa kanisa. Halmashauri ya parokia huridhia, kamati ya ushauri ya dayosisi hutoa maoni, na tangazo hubandikwa siku 28 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi, hawezi kuruka hatua hizo. Kuharibu kumbukumbu ya marehemu ni jinai. Tangu 2022, kule England na Wales, shauri la namna hiyo laweza kupelekwa Mahakama ya Crown, inayosikiliza jinai nzito, hata kama hasara haifiki pauni 5,000, na kifungo chaweza kufika miaka 10.

Ukikuta bamba linacheza, usilichokonoe kuona kilicho chini. Baada ya nyumba za watawa kufungwa kati ya 1536 na 1540, mabamba mengi yaligeuzwa na kuchongwa upya, hivyo mgongoni huenda kuna mchoro wa zamani zaidi. Mtafute mzee wa kanisa siku hiyohiyo, umwoneshe msumari uliotoka, na picha uliyopiga umwachie nakala.