Pembe ya baruti si mfupa

Wengi hukarabati pembe ya baruti, yaani chombo cha pembe ya ng'ombe cha kubebea baruti, cha mtindo wa wapiganaji wa Amerika ya Kaskazini katika vita vya 1754 hadi 1763, kama wanatengeneza mfupa: gundi kwenye ufa, kisha rangi ya kahawia mwili mzima ionekane kuukuu.

Lakini pembe ya ng'ombe ni keratini, kama kucha zako. Mfupa ni kile kiini cha ndani kinachotolewa. Kwa kuwa ni keratini, joto huilainisha pembe. Kitako cha mbao, kile kinachoziba upande mpana, kikilegea, hakikisha kwanza hamna punje ya baruti ndani, chovya upande mpana kwenye maji yanayochemka, kisha sukumia kitako. Pembe ikipoa, hubana. Vijiti vya mbao hushikilia, nta ya nyuki huziba mianya. (Nazungumzia pembe mpya, ya kale halisi usiichemshe hata kidogo.)

Ukuukuu nao hauenei sawasawa. Mkono na ubavu vilipogusa, pembe hung'aa. Weusi hubaki ndani ya michoro na kandokando ya kitako. Paka chai nzito mara kadhaa, kisha sugua sehemu zilizoinuka. Matundu ya wadudu wanaokula keratini usiyaigize. Ya drili hujulikana upesi.