Je, wajua kwa nini tangi la maji linaweza kufanya kazi ya betri?

Ni saa sita mchana kwenye gridi ndogo ya sola isiyounganishwa na umeme wa taifa. Paneli za sola zinaweza kutoa kilowati 150, watumiaji wanachukua 60 tu, na betri imeshajaa. Inveta ya betri, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa matumizi ya kawaida, haina pa kupeleka ziada, kwa hiyo inapandisha masafa ya umeme (idadi ya mizunguko yake kwa sekunde) juu ya hezi 50, na inveta za paneli zikiona hivyo zinapunguza uzalishaji. Kilowati 90 zimekwenda bure.

Sasa weka kando yake mtambo wa kusafisha maji ya bahari. Anayefungua bomba usiku hajali kama maji yake yaliondolewa chumvi mchana au jioni. Maji yanakubali kusubiri ndani ya tangi kwa gharama ndogo. Umeme hausubiri ila kwa betri, na betri ni ghali.

Mtambo wa utando, yaani wa osmosisi ya kinyume, husukuma maji kupita kwenye utando unaozuia chumvi. Hutumia yuniti (kilowati-saa) 3 hadi 4 kwa kila lita 1,000, yaani mita moja ya ujazo, ya maji safi, pampu zote zikihesabiwa. Sehemu kubwa huliwa na pampu ya shinikizo: maji ya bahari huanza kupita kwenye utando shinikizo likivuka takriban bar 27 (bar ni kipimo cha shinikizo), na ili yatoke kwa wingi wa maana husukumwa kwa bar 55 hadi 70. Mitambo inayochemsha maji hatutaigusa hapa, kwa sababu joto lake halipendi kuwashwa na kuzimwa.

Tupige hesabu. Mahitaji ni mita za ujazo 200 kwa siku, kila moja kwa yuniti 4: jumla yuniti 800. Mtambo unaokwenda saa 24 unahitaji kilowati 33 hivi, usiku na mchana, na usiku ni jenereta au betri. Ukitaka kazi yote iishe ndani ya saa 8 za jua, unahitaji mtambo wa kilowati 100 unaotoa mita za ujazo 25 kwa saa, pamoja na tangi la mita za ujazo 400 ili siku mbili za mawingu zisiwakaushe watu. Hapo ndipo wengi hukosea mahesabu: mtambo huo ni mkubwa mara tatu na hulala saa 16. Ziada ya jua isipokuwa nyingi na ya mara kwa mara, bei ya mtambo humeza faida yote ya dizeli iliyookolewa.

Usinunue mtambo mmoja wa kilowati 100. Nunua minne ya kilowati 25, uwashe mmoja mmoja kadiri ziada inavyopanda. Kifaa cha kupunguza mwendo wa pampu kinasaidia, ila kina mpaka, na mpaka huo uko kwenye utando wenyewe. Ukishusha shinikizo, maji yanayopenya hupungua, lakini chumvi inaendelea kupenya karibu kwa kasi ileile, kwa kuwa yenyewe haisukumwi na shinikizo; inafuata tofauti ya ukolezi. Maji yakipungua nusu, chumvi katika kila lita hukaribia mara mbili. Mtu asiyejua hili huona mita ya chumvi imepanda, akadhani utando umetoboka.

Kuwasha nako kuna adabu yake. Anza na pampu ya kuvutia maji, toa hewa yote, kisha pandisha shinikizo polepole, lisizidi bar 0.7 kwa sekunde. Ukilirusha ghafla, utando hujongea ndani ya bomba lake na kupasuka. Maji ya dakika za mwanzo humwagwa mpaka kipimo cha chumvi kitulie. Wakati wa kuzima, suuza kwa maji safi hadi maji makali ya chumvi yaishe ndani. Usiposuuza, madini hugandamana na vijidudu huota ukoko. Mtambo ukikaa zaidi ya siku mbili bila kazi, ujazwe dawa ya kuhifadhi.

Kwa hiyo kila kuwasha na kuzima kunakula maji uliyokwisha kuyasafisha. Wingu la dakika kumi lisizime mtambo. Weka kanuni kwenye kidhibiti: ukiwaka, uende angalau saa moja, na betri ivushe mapengo. Kuvusha mitambo yote minne kwa robo saa kunataka yuniti 25 tu, si 800.

Kidhibiti nacho kisome vitu viwili, masafa na kina cha tangi. Masafa yakipanda, washa mtambo mwingine. Tangi likishuka chini ya robo, washa hata kwa jenereta. Tena jenereta la dizeli likienda chini ya asilimia 30 ya uwezo wake huchoma mafuta vibaya na kujaa masizi, kwa hiyo usiku likilazimika kuwaka kwa taa chache, mtambo mmoja wa maji ndio mzigo linaouhitaji.